Leo Kafa Nani

Juma lililopita nilisimama kwenye kibanda cha mitumba sokoni Kilifi, nikaliinua gauni la mahameli jekundu lililochakaa makwapani. Sikuwa na haja nalo. Mahameli na joto la kwetu wapi na wapi. Lakini harufu ya vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo ilinipanda puani ghafla. "Dada, utalichukua?" akauliza muuzaji. Sikuwa tena Kilifi. Nilikuwa Malindi, mtoto niliyeng'oka meno ya mbele, na mbele yangu bibi kizee wa Kitaliano alikuwa anakufa huku anaimba.

Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka Malindi ile. Kitaliano kilisikika dukani, sokoni, mpaka kwa kina mama wauza mahamri, na hakuna aliyekishangaa. Waliyemshangaa ni mimi, baadaye, niliposema nakwenda chuo kusoma historia ya muziki wa Ulaya. Mpaka leo ndiyo kazi yangu, nawasomesha wengine, na mpaka leo naulizwa: Mgiriama na opera walikutania wapi? Huwa najibu kwa mzaha kwamba tulikutania kwenye nguo chafu. Lakini ni kweli. Mama yangu alikuwa akimfulia Sinyora, yule bibi wa Kitaliano, nguo kila Jumamosi, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kuniangalia, nilikwenda naye.

Sinyora alikuwa na jina lake, lakini mtaa mzima ulimwita hivyo tu. Siku ya kwanza nilikuwa nimekaa chini ya shuka zilizoanikwa nikichezea vibanio, mara nikasikia ukelele kutoka ndani ya nyumba. Haukuwa ukelele wa kuitana. Ulipanda, ukakaa kule juu, ukatetemeka, ukakataa kushuka. Nikamkimbilia mama kwenye karai.

"Mama, Sinyora yuwafa."

"Yuwaimba," mama akasema, akaendelea kukamua shuka.

Nilishikwa na bumbuazi. Kwetu sisi sauti ya namna ile ilikuwa na maana moja tu. Mwanamke akilia vile, majirani hujifunga leso viunoni, na machozi hayajakauka ua umeshajaa watu na sufuria. Hapa mtu alikuwa analia vile vile, na mama yangu, ambaye hakupitwa na msiba wa mtu, anasugua kola ya blauzi. Nikaona labda wazungu hawaliliwi. Nikaenda kuchungulia dirishani.

Sinyora alikuwa amelala juu ya zulia, kavaa gauni jekundu la mahameli lililoburuta, mkono mmoja kifuani, na anaimba vile vile alivyolala. Kisha sauti ikakatika na kichwa kikaanguka upande. Kwenye redio yake ya sidii muziki ukaisha, ukafuatwa na kishindo cha watu wengi wanaopiga makofi. Sinyora akainuka. Akajipangusa magoti, akaliinamia kochi lililokuwa tupu, mara moja, mara ya pili. Ndipo akaniona.

"Wewe, bambina, ingia," akasema kwa Kiswahili chake, na bambina kwao ni binti mdogo. "Mimi nakufa kila siku peke yangu. Hapana nzuri."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kusomeshwa historia ya opera, kabla sijajua vizuri hesabu za kugawanya. Sinyora alikuwa ametumia maisha yake katika kwaya ya jumba la opera huko kwao. Kazi ya kwaya ni kusimama nyuma na kulia wakati mwenye gauni zuri anakufa mbele. Miaka yote hiyo hakupewa kufa hata mara moja. Alipostaafu, jumba lile likiuza mavazi yake makuukuu, alijinunulia gauni la mahameli, akalitia sandukuni na vidonge vya nondo, akaja nalo Malindi. Hapa hapakuwa na wa kumzuia. Alikufa Jumamosi baada ya Jumamosi, na mimi nikawa ukumbi mzima.

Alinianzia mwanzo kabisa, kwa watawa waliokuwa wakiimba sauti moja wote pamoja, bila ngoma wala kinanda. Nikamuuliza wanawake walikuwa wapi. Akaweka kidole mdomoni. "Mwanamke kanisani kimya," akasema. Nilibaki mdomo wazi, maana katika kanisa letu wanawake ndio walioimba, wanaume walikuwa wakikohoa tu. Kutoka hapo tukafika kwa matajiri wa mji mmoja wa Italia waliobuni mchezo ambao ndani yake hakuna mtu anayesema. Wote wanaimba, hata anayeomba maji. Michezo hiyo ya mwanzo ilichezwa kwenye harusi za wakubwa, na kwa kuwa hakuna anayetaka kuzikiwa mtu harusini, wakaibadilisha mwisho. Aliyekufa akarudishwa, akala karamu na wenzake. Nilipomsimulia mama tukirudi nyumbani, kwa mara ya kwanza aliwakubali. "Hapo walitumia akili," akasema. "Ule ungekuwa uchuro."

Kisha majumba yakafunguliwa kwa kila mtu, na kadiri karne zilivyosogea ndivyo wanawake walivyozidi kufa. Mmoja kwa kisu, mwingine kwa sumu, mwingine kwa kuachwa tu na mwanamume. Aliyenishtua zaidi ni mgonjwa wa kifua ambaye, kila akikohoa, aliimba kwa nguvu kuliko watu wazima waliomzunguka kitandani. Nilimuuliza Sinyora pumzi anaitoa wapi. Akasema hilo ndilo swali la maana, na hakunijibu.

Mimi nilikuwa nimeshajijibu. Kwa akili yangu ya wakati ule, historia yote ile ilikuwa na kanuni moja: mtu hufa, wengine huimba, watu hupiga makofi, mtu huamka. Kazi kubwa ilikuwa ni ya makofi. Nililihakikisha hilo siku moja kwa kuchelewa makusudi. Sinyora alikaa pale chini kimya, kisha akafungua jicho moja. "Bambina, makofi. Mgongo nauma." Nikapiga, akaamka. Nani angenibishia baada ya hapo?

Baba hakunibishia. Alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi Marereni, na alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, nyayo zimepasuka kwa maji ya chumvi, tabasamu limefika kabla yake. Hakuwa amesikia opera hata siku moja, na alizipenda habari zake kuliko mtu yeyote niliyepata kumsomesha tangu hapo. Akishaoga na kupakwa mafuta miguuni, alikuwa akilala kwenye mkeka na kuuliza, "Haya, Kadzo. Leo kafa nani?"

Nikimwambia ni nani na kwa nini, alisikitika kweli kweli. "Maskini," alisema. "Na huyo mwanamume hakujua?" Halafu akataka tuicheze. Mimi nilikuwa naimba, kwa maneno niliyoyatunga mwenyewe, na baba ndiye aliyekufa, kwa sababu nilimwona anajua kufa kuliko mimi. Alikufa kwa kisu cha jikoni ambacho kilikuwa mwiko. Alikufa kwa sumu iliyokuwa uji. Alianguka kwenye mkeka akajinyoosha, akaacha kupumua mpaka nikaingiwa na hofu, na nilipopiga makofi aliruka juu, akainama mbele yangu, akainama mbele ya mama, akamwinamia na paka.

Mama alikuwa akikasirika. "Acheni uchuro wenu ndani ya nyumba yangu. Mtu hajiiti maiti." Lakini baba alipomwinamia, alijifunika mdomo kwa leso, na mabega yakacheka.

Mwezi mmoja baba hakuja. Malaria ilimshika kule kule Marereni, ikampanda kichwani, na kabla mama hajafika hospitali yalikuwa yamekwisha. Haya nayajua sasa. Wakati ule aliyekuja kunichukua shuleni ni Shangazi Dama, dada yake baba, macho mekundu, leso imefungwa kiunoni. Nikamuuliza twaenda wapi. "Twaenda kwa Hawe," akasema. Hawe ni nyanya, mamake baba, na kwake ni bara, mbali na mji, kwenye mihindi na minazi. Nikamuuliza na baba je. Shangazi akanivuta kwapani mwake. "Baba amelala," akasema.

Tulipofika nilisimama langoni nikapigwa na butwaa. Ua ulijaa watu. Chini ya turubai kulikuwa na jeneza, na ndani yake, nilipoinuliwa nimtazame, baba alikuwa amelala kavaa shati lake la kanisani, mikono imepangwa kifuani, karibu kama Sinyora alivyouweka wake. Wanawake walikuwa wamekaa upande mmoja kwa safu. Na mbele yao Hawe, yule yule Hawe aliyekuwa akinifukuza jikoni kwa kijiti, alisimama akaimba peke yake kwa sauti iliyopanda na kukataa kushuka, na safu nzima ikamwitikia.

Mliokulia kwetu mnalijua hanga, matanga ya Kigiriama. Kwangu ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuliona kwa macho ya mtu anayeelewa kitu. Waliimba jinsi baba alivyozaliwa mvua ikinyesha, jinsi alivyokwea minazi bila ruhusa, jinsi alivyomtongoza mama, na watu wakacheka pale pale mbele ya jeneza. Ngoma zikapigwa, wakacheza. Wakaimba Marereni na chumvi yake, wakalia tena. Nilishangaa mpaka nikahisi kichwa chepesi. Nilishangaa kwamba Hawe anajua opera, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia. Sikulia. Watu walinitazama wakasema mtoto huyu hajaelewa, na mimi nikawaonea huruma wao, kwa sababu walilia kama wasiojua mwisho wake.

Asubuhi ya maziko Sinyora alikuja kutoka mjini. Alivaa nguo nyeusi, akapewa kiti cha plastiki karibu na wanawake, na nilimwamkia shikamoo kwa fahari, kama niliyemwalika. Nilitaka aone kwaya yetu. Mchungaji akasali, Hawe akaimba wimbo wa mwisho, na ulipokwisha watu wote wakanyamaza. Wanaume waliotakiwa kubeba wakasimama kando, wakingoja.

Na mimi nikangoja. Ulikuwa ndio wakati wenyewe. Katika nyimbo makofi yalikuwa yamepigwa, ndiyo, lakini hayo yalifuata ngoma. Haya ya mwisho ni mengine, na hakuna aliyeyapiga. Nilimtazama Sinyora, ambaye alijua zaidi ya wote pale. Alikuwa anajipangusa macho. Nikaanza kuogopa. Niliwaza zile mbao alizolalia baba, nikawaza mgongo wake. Nikajitoa mapajani mwa mama, nikasimama mbele ya jeneza na kupiga makofi kwa nguvu zangu zote.

"Bravo, baba," nikasema, kama Sinyora alivyonifundisha kuwasifu waimbaji.

Sijasikia tena kimya cha namna ile, na nimekaa katika kumbi nyingi. Mzee mmoja alivua kofia, sijui kwa nini. Kisha Shangazi Dama akanirukia na kunikamata mikono.

"Huyu mtoto ana nini? Yuwamshangilia babake kwa kufa?"

"Niache," nikalia. "Niache, hataamka."

"Nani kakufundisha haya?"

Nikamtazama Sinyora, na watu wote wakamtazama. Alikuwa amesimama, uso hauna damu, mkono mdomoni. Nadhani yeye ndiye wa kwanza kuelewa. "Bambina, hapana," akasema kwa sauti ndogo. Ilikuwa ni mara ya kwanza kumsikia hawezi kutoa sauti.

"Mwachie," mama akasema kutoka chini alikokaa. Hakuwa amesema neno tangu nilipofika. "Dama, mwachie mtoto. Walikuwa wakicheza, yeye na babake. Yeye akifa, mtoto akipiga makofi, akiinuka."

Watu wakavuta pumzi. Shangazi Dama aliiachia mikono yangu kama iliyomchoma.

"Akijifanya maiti? Ndani ya nyumba?" akasema. "Basi ndio huo uchuro uliomrudia. Mmemwita wenyewe, wewe na mwanao."

Niliposikia hivyo nilishtuka kuliko nilivyoshtuka na lolote lile, kabla ya hapo au baada yake. Katika masomo yangu yote hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mwenye kupiga makofi anaweza kuwa ndiye aliyeua. Nilimtazama mama, kwa sababu ni yeye aliyesema siku zote kwamba ni uchuro, na kama angelisema tena pale mbele ya watu, ningelibeba neno hilo mpaka leo hii ninapoandika.

"Nilikuwa nikiwakataza," mama akasema. "Nilikataza kila mwezi. Na kila mwezi alipoinuka akaniinamia, nilicheka. Kama ni kumwita, basi na mimi nilimwita. Lakini mume wangu kafa kwa malaria, Dama. Daktari aliniambia. Mtoto hana deni la mtu."

Shangazi akakaa chini akajifunika uso. Macho yakahamia kwa Hawe, kwa sababu aliyelala pale ni mwanawe, na neno la mwisho lilikuwa lake. Hawe alinitazama. Nilidhani atatafuta kijiti.

"Akilala hivi, wewe wapiga makofi," akasema, "naye ainuka?"

"Ndiyo, Hawe."

"Wapiga peke yako?"

"Ndiyo."

"Basi leo hayatoshi," Hawe akasema. "Leo yuko mbali."

Akaigonganisha mikono yake, ile mikono mikavu ya jembe, mara moja, halafu tena, mpaka makofi yakashika mwendo. Juu ya mwendo huo akaweka wimbo, akiutunga pale pale, wa mtu aliyekuwa akifa na kuinuka ili mwanawe acheke. Mwanamke wa kwanza katika safu akaitikia. Wa pili akaanza kupiga makofi, safu yote ikafuata, kisha wanaume, kisha mchungaji na Biblia yake kwapani. Sinyora akapiga huku machozi yanamchuruzika, akiitikia kwa maneno asiyoyajua, kwa ile sauti yake ya kwaya. Hata Shangazi Dama alipiga. Makofi yakajaa uani mpaka sikuweza kuyasikia yangu mwenyewe.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: sijawahi kufurahi namna ile. Nilijua sasa yanatosha. Nikasogea karibu zaidi ili niwe wa kwanza atakayeniona.

Wanaume wakafunika jeneza, wakainama, wakalibeba. Halikutikisika. Likapita karibu yangu, nikalifuata nikipiga makofi, nikapiga tena kwa nguvu, nikawageukia watu kuwahimiza, na hapo nikamwona mama. Alikuwa amesimama, leso imeanguka begani, anapiga makofi na hapepesi macho, kalikazia macho jeneza lile. Niliutambua uso wake. Mama yangu, mtu mzima, aliyekuwa ameniambia siku ya kwanza kwamba yuwaimba tu, alikuwa akingoja kama mimi.

Jeneza likafika langoni, likatoka. Mikono ya mama ndiyo iliyotulia kwanza. Yangu ikafuata.